Nani Aliyepika?

Kila anayekuja kunihoji huanza na inspekta wa vitabu vyangu. Haulizi habari za ualimu wangu, wala habari za magoti yangu, ambayo siku hizi ndiyo habari kubwa hapa nyumbani. Anaweka kinasa sauti mezani, anatafuna kahawa mbili tatu kwa adabu, kisha ananiuliza nilimtoa wapi mtu yule mnene, mchechemeaji, mwoga wa ziwa, anayevua viatu mlangoni hata kwenye nyumba yenye maiti. Wengine wamekwisha kujijibu kabla hawajafika. Wamesikia kwamba zamani kulikuwa na polisi mmoja pale Bukoba mwenye tumbo la namna hiyo. Huwa namwachia polisi huyo sifa zake. Amekwisha kufa, na sifa hazimdhuru.

Ukweli ni kwamba inspekta wangu ni shangazi yangu aliyevalishwa suruali.

Wakati wa vita nilikuwa mwalimu kijana katika shule ya msingi mjini Bukoba. Majeshi ya Uganda yalipovuka mpaka huko kaskazini, na ndege zilipoanza kuja juu ya mji, shule zilifungwa na kila mwenye ndugu upande wa kusini alifunga mizigo. Mimi nilikuwa na shangazi, dada mkubwa wa baba yangu, aliyeolewa Kamachumu. Nilifika kwake na godoro, sufuria, na bunda la karatasi nililopewa na Mhindi mwenye duka la vifaa vya shule mtaani kwetu, siku alipokuwa akifunga milango yake. "Chukua, mwalimu," aliniambia. "Mabomu hayasomi." Karatasi zile zilikuwa nzito kuliko godoro, na njiani nilimlaani mara nyingi.

Nyumba ya shangazi ilikuwa imejaa. Kulikuwa na ndugu wa mumewe waliokimbia kutoka kando ya mto Kagera, na watoto ambao lori la kahawa likinguruma barabarani walijitupa migombani. Ilikatazwa kuwasha taa usiku, kwa hiyo tulikula mapema, tukalala mapema, na mazungumzo yetu yote yakawa ya mchana, tukimenya ndizi. Tulimenya ndizi nyingi mno. Redio ilikuwa ikitueleza habari za vita, na kila ilipomaliza watu walibaki kimya, visu mkononi, kila mmoja akiwaza nyumba yake aliyoiacha.

"Wewe umesoma," shangazi aliniambia siku moja, kwa hasira, kana kwamba kimya kile nilikileta mimi. "Wasimulie kitu. Si sungura. Sungura tunamjua."

Basi nikawaulia mtu. Nilimchagua tajiri mmoja mnunuzi wa kahawa, nikamkalisha ugenini kwenye kiti cha heshima, nikamletea watu wa kumwamkia, na watu walipoondoka nikamkuta amekufa. Sikuwa nimepanga. Lakini niliona visu vinaanza tena kumenya, na watoto wanasogea. Kifo chetu cha redioni hakikuwa na sababu ambayo mtu angeweza kuishika mkononi. Kifo changu kilikuwa nayo, na ukisubiri kidogo ungeambiwa. Watu wakaanza kubishana nani alimchukia tajiri yule, nani alikuwa na wivu naye, nani aligombana naye mpakani mwa shamba.

Shangazi alisikiliza, kisha akatema ganda la kahawa. "Kila mtu anachukiwa na mtu," alisema. "Mimi nataka kujua nani aliyepika."

"Kwa hiyo mpishi ndiye muuaji?" nikamwuliza.

"Mwana wange, nani kasema muuaji? Aliyekuwa jikoni ndiye aliyeona. Anajua nani alikula, nani aliacha, nani alikuja kuomba maji na hakuwa na kiu. Ninyi mnawauliza wakubwa waliokaa sebuleni. Wamekaa, wataona nini?"

Huyo ndiye inspekta wangu. Katika kila kitabu, akishavua viatu, swali lake la kwanza ni hilo: Nani aliyepika? Hamtafuti mwenye hatia. Anamtafuta aliyeona. Nimelieleza hili vitabuni zaidi ya mara moja, na sidhani kama kuna msomaji hata mmoja aliyenisikia.

Hadithi ile ya tajiri ndiyo iliyokuwa kitabu changu cha kwanza, kwenye karatasi zilezile za Mhindi. Namna alivyouawa ilitoka palepale sebuleni, kwenye nyasi mbichi zilizotandikwa chini, tulipokuwa tumekaa. Kwetu mgeni hapewi habari kabla hajapewa kahawa. Ni kahawa ya kutafuna, iliyochumwa mbichi, ikachemshwa na majani yenye harufu nzuri, ikaanikwa juani, na inaletwa katika kikapu kidogo chenye mfuniko. Na mwenye nyumba huanza yeye. Anachukua mbili tatu, anatafuna mbele yako, ndipo anakusogezea. Hakuna anayesema kwa nini. Tunajua sote kwa nini. Wahaya ni watu wakarimu, na ni watu wanaoogopa sumu, na mambo hayo mawili yanakaa katika kikapu kimoja bila kugombana.

Katika kitabu changu muuaji ni mwenyeji aliyeanza yeye, kama desturi. Ila alichukua upande wake wa kikapu, na upande wa mgeni ulikuwa umetiwa kitu.

Vita vikaisha, tukarudi mjini, kitabu kikachapwa. Mhindi akakining'iniza dukani kwa vibanio vya nguo, kati ya kufuli na madaftari, na kila gari la Muleba lilipoondoka liliondoka na kimoja. Nikaandika cha pili, cha tatu, cha nne. Niliandika alasiri, baada ya kusahihisha madaftari ya watoto, nikiwa bado na chaki vidoleni. Sokoni wauza samaki walinipigia kelele: "Mwalimu! Nani aliyepika?" Padri wetu alilalamika kwamba katika vitabu vyangu kuna maiti wengi kuliko waumini. Nilifurahi sana miaka ile, na sioni haya kusema. Kuna waandishi wanaojidai hawapendi kujulikana. Mimi nilipenda.

Kwa muda mrefu watu walitaniana kwa ajili ya kikapu. Mgeni akisogezewa kahawa alicheka na kusema, "Geuza upande wako uje kwangu." Mwenyeji naye alicheka, akageuza. Ulikuwa utani tu.

Kisha vikaja vifo ambavyo si vyangu.

Mwanzoni tulisema ni kijana fulani wa biashara za mpakani, halafu ni wale wote wa biashara za mpakani, halafu tukaacha kusema ni nani. Watu walikonda, wakakohoa, wakarudi kwa mama zao. Desturi yetu ilikuwa kwamba kijijini kukiwa na maiti hakuna anayeshika jembe mpaka siku za msiba ziishe, na ikafika wakati msiba mmoja ulikuwa haujaisha na mwingine umeanza, na magugu yalipanda migombani mpaka kiunoni. Wazee wakakaa, wakapunguza siku za kulia. Nakumbuka nilivyosikitika kwa uamuzi ule, ingawa ulikuwa wa akili. UKIMWI ulikuwa umekwisha kupata jina lake, jina la serikali, la kwenye mabango. Nyumbani halikutajwa. Tulisema aliugua, basi.

Watu hawakukubali kufa bila mtu wa kulaumiwa. Na hapo ndipo vitabu vyangu vilipogeuka.

Mume wa shangazi alikuwa amefariki miaka michache baada ya vita, na watoto wao hawakuishi. Kibanja, yaani ile migomba yote na kahawa na nyumba iliyo katikati yake, kilirithiwa na kijana wa shemeji yake, mfanyabiashara, mcheshi, aliyekuwa na mke na mtoto mchanga. Kijana yule hakumsumbua. Alimwambia, "Mama, wewe kaa. Mimi nina biashara yangu." Alipoanza kuugua hakutaka kulala kwake Muleba mjini, watu wakimwangalia. Alikuja na mkewe kwa shangazi. Shangazi akampikia, akamwogesha, akamlisha kwa mkono wake mpaka mwisho. Alimzika kando ya kaburi la mumewe, chini ya migomba ambayo yeye mwenyewe aliipanda.

Kaka mkubwa wa marehemu hakuwahi kufika wakati wa ugonjwa. Alifika msibani. Na kabla nyasi za wageni hazijakauka alikuwa amekwisha kuwauliza watu, polepole, kwa sauti ya majonzi: mdogo wangu alikuja hapa na miguu yake, amekaa humu akila chakula cha nyumba moja, nani aliyepika?

Nilipata habari nikiwa shuleni. Nilipanda gari la Muleba nikiwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tena. Sikumkasirikia sana yule kaka. Alikuwa amewazika ndugu wawili wengine kabla ya huyu, na aliogopa, na mtu anayeogopa hushika kilicho karibu. Kwamba kibanja kingekuwa chake, ni kweli, na inspekta wangu angeliandika hilo mapema. Lakini mimi naamini aliamini. Niliwakasirikia wasomaji. Vitabu vinne, na hawakumsikia inspekta, mzee wa watu, akisema kwamba anamtafuta aliyeona!

Nilimkuta shangazi nyuma ya nyumba, peke yake, akipepeta maharage. Wanawake waliokuja kusaidia walikuwa wameleta chakula kilichopikwa kwao. Hakuna aliyegusa jiko lake. Kile kikapu kidogo kilikuwa kimejaa, na mfuniko ulikuwa na vumbi.

"Wanasema niondoke siku ya kumaliza msiba," aliniambia. "Nirudi kwetu. Kwetu ni wapi? Baba yako na mimi tulizaliwa kwenye nyumba ambayo sasa ni ya watoto wa watoto." Alisema bila kulia. Alikuwa na miaka mingi kuliko migomba ile.

"Nitawaambia alichougua," nikasema. "Wote wanajua. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nitasimama na kulitaja jina."

Akaacha kupepeta. "Hutalitaja. Nilimwahidi. Ukilitaja, kesho watamfukuza mkewe na mtoto wake, hawatampa hata nguo za kuvaa. Yule binti ni mdogo. Mimi ni mzee."

"Sasa nifanye nini?"

"Sijui. Wewe ndiye unayeandika," alisema, akarudia maharage yake.

Siku ya kumaliza msiba tulikaa migombani, wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili, watu wamenyoa. Kaka mkubwa alisimama. Alisema vizuri, alikuwa mtu wa kusema vizuri. Alisema kikulacho ki nguoni mwako. Kisha akanigeukia mimi, mbele ya wote, na kwa heshima kabisa.

"Mwalimu, waitu. Umetusaidia kufungua macho. Wewe umeandika habari za kikapu, za mwenyeji anayeanza yeye. Sisi hatukusoma sana, lakini hayo tumeyasoma. Wewe ni mtoto wa nyumba hii pia. Tunakuomba useme."

Watu wote wakanitazama. Walinitazama jinsi wanafunzi wanavyomtazama mwalimu anayerudisha mitihani. Mke wa marehemu alikuwa pembeni, mtoto mgongoni, ameinamisha kichwa mpaka sikuona uso wake. Nilijua nikifungua mdomo nitalitaja lile jina, kwa hasira tu. Sina ulimi wa kusema nusu. Niligeuka upande wa wanawake, nikamwita shangazi.

"Shangazi, mimi ni mgeni, nimefika tangu juzi, na sijapewa kahawa."

Alinitazama kitambo. Kisha akainuka, akaingia ndani, akatoka na kikapu. Alikipangusa vumbi kwa ncha ya kitenge chake. Alipiga magoti mbele yangu, akafungua mfuniko, na mkono wake ukaenda kwenye kahawa ili aanze, kama alivyofanya maisha yake yote.

"Usianze," nikasema. "Naanza mimi."

Nilisikia watu wakivuta pumzi. Kwetu hilo halifanyiki. Mgeni haanzi, ni kama kumwambia mwenyeji kwamba huhitaji akuonjee.

Na sasa niseme jambo ambalo wenye vinasa sauti sijawahi kuwaambia. Mkono wangu ulisita. Nilimpenda mwanamke yule kuliko mama yangu, nilijua kilichomuua yule kijana, nilijua kikapu kile tangu nikiwa mtoto, na bado mkono ulisimama hewani. Nilizaliwa huku. Hofu ile niliinyonya pamoja na maziwa, kisha nikaiandika vitabu vinne. Shangazi aliuona mkono ukisita. Hakuyaondoa macho yake.

Nikachukua. Sikuchukua upande wake. Nilipeleka mkono upande wangu, ule wa mgeni, nikajaza kiganja, nikatia mdomoni zote. Kahawa nyingi namna ile ni chungu. Nilitafuna huku machozi yananitoka, na mpaka leo wako wanaosema nililia kwa uchungu wa msiba.

Nilikuwa bado natafuna nilipoona mama wa marehemu anainuka kutoka kwenye majani ya migomba. Alikuwa amedhoofika kwa kulia, na alitembea polepole, akimshika huyu na yule bega. Alifika, akainama, akachukua kahawa tatu kutoka mkononi mwa shangazi, si kikapuni. Akala. Akaketi palepale, karibu yake. Baada yake walikuja wanawake wawili, halafu mzee mmoja wa ukoo, akijifanya amekuja kwa sababu tu alitamani kahawa. Kikapu kikazunguka.

Kaka mkubwa hakuchukua. Alisema kwamba mambo ya kibanja yatazungumzwa siku nyingine, akakaa. Siku nyingine hiyo haikufika. Mama yake hakuiruhusu.

Baada ya hapo nilikaa muda mrefu bila kuandika. Mhindi alinitumia salamu kwa madereva: watu wanauliza, inspekta amestaafu? Nilipoanza tena, kitabu cha tano kilinitoka vibaya, kwa kufuta sana. Ndani yake kijana anakufa, ndugu wanamwita inspekta, naye anachechemea kutoka nyumba hadi nyumba, anauliza maswali yake, na mwishoni hamkamati mtu. Hakuna muuaji. Kuna ugonjwa, na kuna watu. Niliupeleka mswada kwa Mhindi kwanza, kama kawaida yangu. Duka lilikuwa limepungua. Watoto wake walikuwa wamehamia mbali, na yeye mwenyewe alikuwa anafunga makasha. Alisoma siku mbili, akanirudishia akitikisa kichwa. "Mwalimu, nakuheshimu. Hiki hakiuziki."

Alisema kweli. Hakikuuzika. Katika mfululizo mzima ndicho kilichokaa zaidi kwenye vibanio vya maduka mengine, na ndicho wenye vinasa sauti hukiruka. Nimeandika vingine vingi baada yake, vyenye wauaji wazuri kabisa, na vimenilipia bati la nyumba hii.

Lakini kabla hakijachapwa nilikipeleka Kamachumu. Shangazi hakujua kusoma Kiswahili vizuri, na macho yake yalikuwa yameanza kufifia, kwa hiyo nilimsomea. Tulikaa sebuleni kwake, kikapu kati yetu, siku kadhaa za likizo. Alinikatiza sana. Alitaka kujua nani anawalisha mbuzi wakati wote hao wanahojiwa. Alisema inspekta amenenepa mno. Nilipofika mwisho, akasubiri nifungue ukurasa mwingine.

"Na muuaji?" akauliza.

"Hayupo."

"Watu watakudai hela zao," alisema.

Nikacheka, nikaanza kukusanya karatasi. Akaniwekea mkono juu yake. Mkono wake ulikuwa umebaki mifupa na ngozi, na ulinukia yale majani ya kahawa.

"Rudi pale anapoingia jikoni," alisema. "Anapomwuliza yule mwanamke."

Nikatafuta ukurasa. Inspekta anavua viatu, anainama mlangoni. Mwanamke yuko mekoni, amempa mgongo. Nani aliyepika? anamwuliza. Mwanamke anasema, Mimi. Na inspekta, ambaye katika vitabu vyote hajawahi kula katika nyumba yenye maiti, anavuta kigoda, anakaa, anamwomba sahani.

Shangazi alifumba macho.

"Nisomee tena hapo," alisema.